Rinda Mtoto

Mtaa wetu uko pembeni mwa mji wa Ngara, upande ambao viwanja vilipimwa kabla barabara haijafika. Kati ya uwanja wangu na wa jirani kuna ua wa minyaa, na mtu mfupi anaweza kuchungulia juu yake akisimama kwenye jiwe. Jiwe liko upande wa jirani. Nimeliona.

Jirani yangu ni fundi cherehani, na mimi ni fundi cherehani. Yeye alisomea chuoni miaka miwili huko kwao Tanga, na cheti chake kimetundikwa ukutani pale sebuleni anaposhonea. Mimi nilijifunza kwa kufumua. Nilinunua nguo za mtumba zilizokataliwa na kila mtu, nikazifumua mshono baada ya mshono, nikalaza vipande sakafuni na kuvichora juu ya magazeti, kisha nikavirudisha vilivyokuwa. Nguo ikikataa kurudi ilivyokuwa, nilianza tena. Hakuna aliyenishika mkono. Ndiyo sababu hadi leo siamini mshono wangu hata mmoja. Nikiuangalia naona tu mahali ambapo mtu mwingine angeuliza ni nani aliyenifundisha.

Mume wa jirani ni wakala wa forodha Rusumo, anarudi mwisho wa juma. Mimi sina mume. Nina binti mmoja, na mwaka huo alikuwa na miaka tisa. Jirani naye ana binti mmoja wa umri huohuo. Watoto walikuwa wanasoma pamoja mafundisho ya Komunyo ya kwanza, na mtaa mzima ulikuwa unasubiri kuona mafundi wawili watawavalisha nini.

Wacha niseme nilichokuwa nakitaka, nisijifanye. Nilimzaa mwanangu nikiwa kidato cha pili, kule kwetu Bukiriro. Siku ya ubatizo wake alivaa gauni la kuazima. Aliyetuazima alikuwa ndugu wa mama yangu, na aliliomba palepale nje ya kanisa kabla hatujashuka ngazi, kwa sababu alikuwa na safari. Nikamvua mtoto mbele ya watu. Nikamfunga kwa kanga yangu mwenyewe, nikarudi nyumbani na sketi tu ya shule. Mtu mmoja alicheka, simkumbuki ni nani. Nilijiapia njiani kwamba siku ya Komunyo yake atavaa nguo ya mkono wangu, na haitavuliwa na mtu. Hilo tu ndilo nililolitaka. Sikuwa nataka gauni zuri kuliko la jirani.

Huo ni uongo. Nilitaka na hilo pia.

Gauni lenyewe nilikuwa nimelifumua mara tatu. Mara ya kwanza kola ilikaa vibaya. Mara ya pili bega la kulia lilikuwa juu. Mara ya tatu sikuona kosa lolote, ndipo nikaogopa zaidi, nikalifumua nilitafute. Jirani alikuwa anaona kila kitu kutoka kwenye jiwe lake.

"Mdogo wangu, bado hilohilo?" aliniuliza siku moja, kichwa chake kikitokea juu ya minyaa. "Naona leo tena unafumua."

"Nalinyoosha."

"Ukilinyoosha sana kitambaa kitakwisha. Mtoto ataenda na kola peke yake."

"Ataenda na kola iliyonyooka."

"Haya. Miye langu nimelimaliza wiki iliyopita. Limekaa tu kwenye henga, linanitazama."

Yeye ana miaka kumi zaidi yangu. Alipohamia nilikuwa namwamkia shikamoo, kama inavyotakiwa. Baada ya mwezi mmoja wa maneno ya namna hiyo nikaacha. Nikawa nasema "habari za asubuhi, dada" na kupita. Ni dhambi ndogo, lakini niliifanya kila siku, na kwa makusudi.

Kuna jambo jingine lazima nilieleze, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Huku kwetu wengi hatukuzaliwa na Kiswahili. Tulizaliwa na Kihangaza, Kiswahili tukakikuta shuleni na sokoni, na herufi L na R zinatupiga chenga maisha yote. Mama yangu hulala kwa R, husema "narara". Mwalimu wangu wa darasa la tatu alituandikia ubaoni "rori la mkaa" na sote tukanakili. Nilipoacha shule nilinunua kamusi kuukuu, nikaandika orodha za maneno kwenye madaftari, L upande huu, R upande ule, nikayasema kwa sauti nikiwa nachambua maharage. Nilijinyoosha. Na tangu hapo sikuweza kuacha kuwanyoosha wengine. Nikiona tangazo dukani limeandikwa "vocha zinapatikana hapa, karibu tukuhudumie harakaharaka, mari mpya", kichwani mwangu ile R inageuka L kabla sijamaliza kusoma. Sisemi kitu. Lakini moyoni nimesahihisha, na nimejisikia vizuri. Nalikiri hilo nalo.

Zikiwa zimebaki kama wiki mbili kabla ya Komunyo, binti yangu alianza kuchelewa. Mafundisho yalikuwa Jumanne na Alhamisi, yanaisha saa kumi, na kutoka kanisani hadi kwetu ni robo saa. Jumanne hiyo alifika saa kumi na moja. Nikamuuliza, akasema walirudia nyimbo. Alhamisi akafika saa kumi na moja tena, na begani kwenye sare yake kulikuwa na mstari mfupi wa rangi ya buluu.

"Hii nini?"

"Chaki."

"Chaki ya buluu?"

"Katekista ndiyo anayoandikia."

Siku iliyofuata nilikutana na katekista sokoni. Nikampongeza kwa kuwaandikia watoto ubaoni kwa rangi. Akanitazama kama mtu anayesikia masihara. "Mama, ubao tungeutoa wapi? Tunakaa kwenye mabenchi, tunakariri."

Nilirudi nyumbani bila kununua nilichoendea. Mimi huweka alama kwenye vitambaa kwa kipande cha sabuni, kwa hiyo chaki haimo ndani ya nyumba yangu, ya rangi yoyote. Nikafungua sanduku la nguo za mtoto nitafute nisichokijua. Sare yake ya pili ilikuwapo, lakini ilikuwa imekunjwa mikono ikiwa nyuma, kama nguo ya dukani. Mimi sikunji hivyo. Yeye hakunji kabisa. Kuna mtu alikuwa ameshika nguo za mwanangu, akazikunja kwa upole, akazirudisha.

Upole huo ndio ulionitia baridi.

Nilimkalisha mtoto, nikamuuliza kama kuna mtu anayemsimamisha njiani. Akasema hapana. Nikamuuliza kama kuna mtu anayemgusa. Akafikiri, na kule kufikiri kulinimaliza, halafu akasema hapana. Nikamuuliza mara ya tatu kwa sauti nisiyoipenda. Akaanza kulia. Sikuuliza tena. Wiki iliyofuata nikawa namsindikiza kwenda na kurudi, mkono wake mkononi mwangu kama mtoto wa chekechea. Wenzake wakamcheka. Jirani naye akasimama juu ya jiwe lake.

"Unamfungia mtoto kama kuku anayetaga," alisema.

"Ni wangu."

"Sijasema ni wangu miye."

Ijumaa, siku mbili kabla ya Komunyo, nilikuwa nafagia mlangoni pa geti nikaokota kipande cha boksi, kidogo kama kiganja, kikiwa na tundu la pini juu. Kilikuwa na maneno ya herufi kubwa, wino wa buluu:

RINDA MTOTO. J'MOSI ASUBUHI.

Sikuhitaji hata kusahihisha. Ile R iligeuka yenyewe. Mama yangu akiniaga kule Bukiriro husema Mungu akurinde, kwa sababu kwa Kihangaza kurinda ndiko kulinda, na nusu ya mtaa wetu ingeandika hivyohivyo. Linda mtoto. Jumamosi asubuhi. Jumamosi ilikuwa kesho yake, na asubuhi hiyo watoto wote walipaswa kuwa kanisani saa nne kwa kitubio.

Na niliujua mwandiko. Jirani ana kibao mbele ya nyumba yake, kimeandikwa USHONAJI BORA, na R ya kwenye BORA ina mkia mrefu unaorushwa nje kama mguu wa mtu anayepiga mpira. R ya kwenye boksi ilikuwa na mkia huohuo. Niliutambua mkia wa R. Sikujiuliza kwa nini R iko pale.

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi nilivyokuwa na hakika. Chaki, nguo iliyokunjwa, jiwe, kuku anayetaga, na sasa hili. Niliona mwanamke ambaye ameshindwa kuvumilia kwamba mtoto wa msichana aliyefukuzwa shule atapita katikati ya kanisa sambamba na wa kwake. Nilimwona waziwazi, na nilikuwa nimemshona mwenyewe, kipande kwa kipande.

Jumamosi asubuhi nikafunga geti kwa kufuli na ufunguo nikauweka mfukoni. Binti yangu alitoka ameshavaa sare, amejipaka mafuta, miguu inang'aa.

"Mama, saa nne tunatakiwa kanisani."

"Huendi."

"Ni kitubio."

"Utatubu hapahapa."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

Akakaa kwenye ngazi. Hakulia. Alinitazama kwa namna ambayo watu wazima hututazama tunapokuwa tumelewa.

Haikupita nusu saa, geti likagongwa.

"Hodi hapa."

Nilisogea hadi getini bila kugusa kufuli.

"Mdogo wangu, fungua. Nina mzigo wa mtoto."

"Mzigo gani?"

"Si amekwambia?"

"Niambie wewe," nikasema. Nilikuwa nimeshika mkasi mkubwa, na sikumbuki niliutoa ndani saa ngapi. "Jumamosi asubuhi ndiyo hii. Mtoto nimemlinda. Sema sasa unachotaka kwake."

Nilimsikia akisogea karibu na bati. Halafu akasema taratibu, "Weye unaumwa?"

Nikanyoosha mkono juu ya geti nikamwonyesha kipande cha boksi. "Hujakiandika wewe hiki?"

"Nimekiandika. Ni cha kuchukulia mzigo. Nilimpa mtoto aje nacho. Kila mteja nampa." Akasoma kwa sauti, akisimama kila neno: "Rinda. Mtoto. Jumamosi asubuhi. Rinda la mtoto, Jumamosi asubuhi. Kuna kosa gani hapo?"

"Rinda," nikasema.

"Rinda, ndiyo. Nguo. Gauni lenu hilo mnaloita gauni, kwetu ni rinda. Weye ulisoma nini?"

Mimi ni fundi. Marinda nayajua, ni ile mikunjo ya sketi, nimekunja mamia. Lakini rinda moja, nguo nzima, sikuwahi kulisikia likitamkwa na mtu. Lilikuwa kwenye kamusi yangu, nililitazama baadaye. Lilikuwa upande wa R, mahali pake, muda wote.

Nilisikia pumzi yake ikibadilika.

"Ulisoma linda." Akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu akaegemea geti hadi bati likatetemeka. "Ulinde mtoto. Asiibiwe na nani, na miye? Mama yangu. Huku kwenu mnasoma kwa masikio."

Katika wanawake wote wa mtaa ule, yeye peke yake hachanganyi L na R. Hajawahi. Nilikuwa nimejinyoosha miaka kumi nifikie pale alipozaliwa, na siku alipoandika neno sahihi, mimi nikalisahihisha likawa kosa.

"Na kwenu," nikasema, "mnawashonea watoto wa watu kwa siri."

"Mtoto alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni kwangu na sare yake mkononi, akaniambia nichukue vipimo humo. Nikamwambia mama yako si fundi? Akaniambia, mama yangu hamalizi."

Niligeuka. Binti yangu alikuwa bado kwenye ngazi.

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungelifumua tena," akasema. Kisha, baada ya kufikiri: "Nilikuwa nakwenda kuungama hilo leo. Ndiyo umenifungia."

Nilifungua geti. Jirani aliingia na kifurushi, akakikunjua. Sitasema uongo juu ya gauni lile. Nililigeuza ndani nje palepale mbele yake, bila haya, nikapita kila mshono kwa kucha, na sikupata pa kushika. Bega lilikuwa sawa na bega. Kola ililala kama imemwagwa.

"Ni kitambaa kilichobaki kwenye la mwanangu," alisema. "Sitaki malipo. Watafanana."

Hapo ndipo nilipopata pa kushika. Alikuwa amesema kwa wema, naamini, au kwa nusu wema. Lakini mimi nilisikia ngazi za kanisa, na mkono ukinyooshwa kudai gauni. Mabaki. Mwanangu angepita katikati ya kanisa akiwa amevaa mabaki ya mtoto mwenzake, na kila atakayeuliza angeambiwa.

"Asante," nikasema. "Litakaa hapa hadi kesho. Atachagua mwenyewe."

"Atachagua kati ya nini na nini?" Alitazama meza yangu, ambapo gauni langu lilikuwa vipande saba.

"Kati ya lako na langu."

"Mdogo wangu, saa tatu na nusu sasa."

"Naiona saa."

Nilimpeleka binti yangu kwenye kitubio, tukafika wa mwisho kwenye foleni. Alikaa mule ndani muda mrefu. Mimi nilikaa nje nikipanga kichwani, bega, ubavu, zipu, pindo. Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza kitu ambacho fundi yeyote humuuliza mteja siku ya kwanza, na mimi sikuwahi kumuuliza.

"Unataka liweje?"

"Liwe na mfuko."

"Gauni la Komunyo halina mfuko."

Tukatembea. Karibu na geti nikasema, "Upande gani?"

"Kulia."

Nilianza saa tano na nusu. Kabla sijakanyaga cherehani, nilichukua kisu changu kidogo cha kufumulia, chenye kifuniko chake cha plastiki, nikampa. "Kifiche. Nikikuuliza kiko wapi, usiniambie." Nilimuuliza saa saba. Nilimuuliza saa nane mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Hakusema. Kufumua kwa mkasi kungeharibu kitambaa, na kitambaa kingine sikuwa nacho, kwa hiyo nikaendelea mbele kwa sababu kurudi nyuma kulikuwa kumefichwa na mtoto wa miaka tisa.

Saa kumi na moja jioni lilikuwa limekwisha. Lina mfuko upande wa kulia. Upande wa kushoto pindo limepanda, unene wa kidole kimoja, na nililiona kabla sijalitoa chini ya sindano. Nililipiga pasi hivyohivyo.

Jumapili asubuhi nikayalaza yote mawili kitandani.

"Chagua. Sitakasirika."

"Utakasirika."

"Nitakasirika, lakini chagua."

Alishika la jirani kwanza. Akalipapasa kiunoni, kushoto, kulia. Akaliacha. Akashika langu, akaingiza mkono mfukoni hadi kwenye kifundo.

"Hili limeisha?"

"Limeisha."

"Huligusi tena?"

"Siligusi."

Akalivaa.

Nje ya kanisa nilimkuta jirani, na mwanawe pembeni anang'aa. Nilimpa gauni lake, nimelikunja mikono ikiwa nyuma, kama anavyokunja yeye. Alilipokea bila kulitazama. Macho yake yalikuwa kwa binti yangu, kwenye pindo.

"Limepanda kushoto, mdogo wangu."

"Limepanda."

"Watu wataliona."

"Waangalie vizuri. Nimelishona mwenyewe." Halafu nikamwambia, kwa sauti iliyosikika hadi kwa akina mama waliokuwa nyuma yetu, "Shikamoo, dada."

Alichelewa. Nilihesabu pumzi mbili. "Marahaba," akasema.

Hatujawa marafiki. Bado anasimama juu ya jiwe, na mtaani bado anasimulia kwamba kuna fundi anayesoma kwa masikio, na watu wanacheka, nami nasikia. Sijaondoa minyaa wala sijahama. Nimeweka kibao changu mbele ya nyumba, kinaelekea chake. Kimeandikwa GAUNI NA RINDA, na R yangu ina mkia mrefu kuliko wake.

Jumapili ile watoto waliingia wawili wawili. Mwanangu na mwanawe walipangwa pamoja kwa sababu ya kimo, na walipopita kwenye benchi letu nililiona pindo likienda juu chini, kidole kimoja, mbele ya parokia nzima. Nilibaki nimekaa. Binti yangu hakugeuza kichwa, kama walivyofundishwa. Lakini mkono wake wa kulia ulishuka ukaugusa mfuko, na chini ya kitambaa cheupe nikaona kitu kimechongoka kidogo, kirefu kama kidole, na nikajua kisu changu cha kufumulia kilikuwa kimekaa wapi.